Je, wajua kwa nini msumeno wa mnyororo hutema unga badala ya vipande?

Ukipita mahali panapokatwa mti, usikimbilie kuangalia msumeno. Angalia kinachoanguka chini yake. Mnyororo wenye makali hutema vipande vyembamba vyenye kingo, kama kucha zilizokatwa. Mnyororo butu hutema unga laini unaoelea hewani na kumwingia fundi puani. Mti ni ule ule, injini ni ile ile, petroli ni ile ile. Basi unga unatoka wapi?

Jibu limo katika jino, ambalo watu hulishika kila siku bila kulitazama. Jino la cheni halifanani na jino la msumeno wa mkono. Lina ukuta unaosimama pembeni na paa linalolala juu yake. Pale ukuta na paa vinapokutana pana kona, na kona hiyo ndiyo yenye kazi kubwa: hutangulia kukata nyuzi za mti, kisha makali ya paa hufuata yakinyanyua kipande, sawasawa na randa ya seremala. Meno hupishana, moja la kulia na moja la kushoto, ili njia inayochimbwa iwe pana kuliko baa, yaani bamba refu la chuma ambalo mnyororo huzunguka ukingoni mwake, na baa isibanwe ndani ya mti.

Mbele ya kila jino kuna kinundu ambacho hakikati chochote. Kimewekwa chini kidogo ya kimo cha jino, kwa kawaida kama milimita 0.65, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua jino liume kina gani. Ni lijamu ya jino.

Kona ikishaviringika, jino haliwezi tena kuingia chini ya nyuzi na kunyanyua kipande. Linapita juu likisugua. Na linasugua kwa kasi ya ajabu: injini ikizunguka mara 9,000 kwa dakika, mnyororo wa kawaida hukimbia kama mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa. Sugua mti kwa chuma kwa kasi hiyo na utapata vitu viwili tu, unga na joto. Unga unaonekana. Joto halionekani mpaka limeshaharibu kitu.

Umbo hili la jino lina kisa chake, na ni kisa ninachokipenda. Mwaka 1946 mkata magogo wa Marekani aitwaye Joseph Buford Cox alikuwa katika misitu ya jimbo la Oregon akachoshwa na minyororo ya wakati ule, ambayo meno yake yalikwaruza mti na kuhitaji kunolewa kila mara. Siku moja akamtazama buu wa mbawakawa akitafuna kisiki. Buu yule mdogo hakujali mti umelala kwa nyuzi au kukingama. Taya zake zilizopinda zilimega kushoto, zikamega kulia, naye akasonga mbele. Cox akatengeneza mnyororo wenye meno ya namna hiyo, na mwaka 1947 akaanza kuuza. Minyororo tunayotumia leo ni wajukuu wa taya za yule buu.

Turudi kwenye joto. Mnyororo ukiwa butu, fundi huanza kukandamiza. Msumeno mkali hujivuta wenyewe ndani ya mti, mkono kazi yake ni kuuelekeza tu. Ukijikuta unauegemea kwa uzito wa mwili, umeshachelewa kunoa. Kukandamiza huipa injini mzigo mzito, mnyororo unapata moto, unatanuka na kulegea, na mfereji wa baa unaanza kulika upande mmoja. Halafu mtu anapeleka msumeno kwa fundi akisema injini imekosa nguvu. Nami nimewahi kufanya hivyo. Plagi ilibadilishwa, kabureta ikafunguliwa, na msumeno ukarudi vilevile, kwa sababu hakuna aliyegusa meno.

Kinachoua makali haraka kuliko vyote si ugumu wa mti bali udongo. Mnyororo wa baa ya sentimita 40 una urefu wa karibu mita moja. Ukigusa ardhi nusu sekunde tu, mita 10 za mnyororo zimepita mchangani, maana yake kila jino limepigwa mara kumi. Ndiyo maana gogo lililoburutwa chini hupigwa brashi au kubanduliwa gamba kabla ya kukatwa, na ndiyo maana wazoefu hukata gogo lililolala mpaka karibu na mwisho, kisha huligeuza kumalizia upande wa pili.

Kunoa si kazi ya kiwandani. Ni tupa ya duara yenye unene unaolingana na mnyororo wako: mingi midogo hutaka milimita 4.0, ile ya kati milimita 4.8, mikubwa zaidi milimita 5.2 au 5.5. Tupa isiyolingana huharibu jino taratibu huku ukidhani unalitengeneza. Shika pembe iliyochorwa juu ya jino, mara nyingi nyuzi 30, sukuma mbele tu bila kurudisha, mara mbili au tatu kwa kila jino. Anza na jino lililoumia zaidi na uyafupishe mengine yafanane nalo. Meno ya upande mmoja yakiwa marefu kuliko ya upande mwingine, msumeno hukata kwa kupinda, na hapo tena watu huilaumu baa. Kila ninapojaza petroli mimi hunoa kidogo. Dakika tano hizo hurudi zenyewe kabla tangi halijaisha.

Kinundu nacho hupunguzwa kwa tupa bapa kadiri jino linavyoshuka, ila hapa tamaa ni hatari. Ukikishusha kupita kiasi, jino linauma pande kubwa mno, msumeno unaruka na kutikisika, na uwezekano wa teke unaongezeka. Teke ni pale robo ya juu ya ncha ya baa inapogusa kitu: meno hapo yanageuka kutoka juu kwenda chini, yanang'ang'ania mti, na msumeno wote unarushwa juu kuelekea uso wa mshikaji kwa kasi kuliko mkono unavyoweza kuzuia. Breki ya mnyororo imewekwa kwa ajili ya sekunde hiyo. Msumeno ambao breki yake haishiki si wa kununua hata ukiuzwa kwa bei ya bure. Na wale wanaodhani suruali maalumu ya kazi hii ni kuta tu za kitambaa kigumu wamekosea: ndani yake mna nyuzi ndefu ambazo mnyororo ukizigusa huzivuta kwa wingi, zikajisokota kwenye gia inayouzungusha na kuusimamisha.

Kuhusu oili, msumeno una mbili, na kila moja ina sababu yake. Injini nyingi za misumeno hii ni za mipigo miwili. Hazina dimbwi la oili chini kama injini ya gari, kwa sababu msumeno hulazwa ubavu, huinamishwa, na oili ya dimbwi ingemwagika kwenda kusikotakiwa. Kwa hiyo oili huchanganywa na petroli na kupita ndani ya injini pamoja nayo. Kwa uwiano wa 50 kwa 1, lita moja ya petroli hupata mililita 20 za oili. Kwa 25 kwa 1, mililita 40. Fuata kilichoandikwa kwenye msumeno wako. Petroli tupu huikwaruza pistoni kwa muda mfupi sana, na hapo hakuna marekebisho ila kununua silinda mpya.

Oili ya pili ni ya mnyororo. Hii hairudi, hutumika mara moja na kurushwa nje. Kuipima, elekeza ncha ya baa kwenye kisiki cheupe bila kukigusa, ongeza mwendo wa injini kidogo, na mstari wa matone uonekane juu ya kisiki. Usipoonekana, safisha tundu la oili kwenye baa. Kuna wanaotumia oili chakavu ya gari kubana matumizi. Imejaa chembe za chuma zinazokula pampu na baa, na mnyororo huirusha hewani unayovuta.

Katika kununua, kosa linalojirudia ni kutaka baa ndefu. Baa ndefu kwenye injini ndogo ni meno mengi yanayovutwa na punda mmoja. Injini ya sentimita za ujazo 40 hadi 50 na baa ya sentimita 40 inatosha kwa matawi na miti mingi ya kati, kwa kuwa mti mnene kuliko baa unaweza kukatwa kwa kuuzunguka pande mbili. Misumeno midogo yenye mpini juu imetengenezwa kwa wanaopanda miti na waliofunzwa. Kuitumia chini kwa mkono mmoja, kwa sababu tu ni myepesi, ni kuliita teke kwa jina.

Kukata ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuubeba mti, na hapo pikapu hupata masaibu yake. Msumeno huuawa na joto lisiloonekana. Pikapu huuawa na uzito usioonekana. Mti mbichi umejaa maji, mara nyingi karibu nusu ya uzito wake, na miti migumu mingi ikiwa mibichi hukaribia uzito wa maji yenyewe. Chukua gogo lenye upana wa sentimita 50 na urefu wa mita 2. Machoni si kitu. Kwa hesabu ni theluthi moja na zaidi ya mita ya ujazo, kama kilo 390.

Pikapu inayoitwa ya tani moja haibebi tani moja ya magogo. Toa wasaidizi wawili, misumeno, kamba, madebe ya petroli na kabari, tuseme kilo 250 kwa jumla. Zimebaki 750. Magogo mawili kama lile ni 780. Bodi inaonekana tupu, mtu mmoja anasema "ongeza moja", na gari limeshapita kiwango. Matawi yenye majani hudanganya kinyume chake: yanajaa mpaka juu ya kichwa cha gari na bado ni mepesi. Jicho si mizani kwa kazi hii. Pima upana wa gogo, na kumbuka kwamba gogo lenye upana mara mbili lina uzito mara nne.

Mahali pa mzigo ni muhimu kama kiasi chake. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, unainua pua ya gari, na tairi za mbele, ambazo ndizo zinazoelekeza gari na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki, zinashika barabara kidogo. Ndiyo maana kwa magogo napendelea pikapu ya kabini moja: bodi yake ni ndefu na mzigo unaweza kusogezwa mbele ya ekseli. Ya kabini mbili ina bodi fupi, na gogo hulazimika kuning'inia kama ulimi. Itafaa zaidi kubeba watu na kuvuta tela. Kwa tela lenyewe, mzigo upangwe ili kama asilimia 10 ya uzito wake ikae kwenye ndoana; ikiwa nyepesi mno, tela huanza kuyumba huku na huku kadiri mwendo unavyoongezeka.

Wengi huongeza jani la springi nyuma gari likianza kuinama. Mgongo unanyooka, moyo unatulia. Lakini ekseli ni ile ile, tairi ni zile zile, na breki hazikuambiwa lolote. Ukienda kilomita 80 kwa saa badala ya 40, nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza ni mara nne, na kila kilo ya ziada inaongezwa juu ya hapo. Kwenye mteremko, ingia gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, si katikati.

Mfumo wa magurudumu manne, yaani injini kuzungusha tairi zote, unafaa kuingia na kutoka mahali penye tope, hapana ubishi. Ila kwenye lami kavu, kwa pikapu nyingi zisizo na difu ya katikati, ile inayoruhusu tairi za mbele na za nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, uondoe: gari likikata kona, tairi za mbele na za nyuma husafiri umbali tofauti, na mashafti yaliyofungwa pamoja hushindana wenyewe kwa wenyewe. Kwa pesa ile ile, tairi nzuri zenye upepo ulioandikwa kwenye fremu ya mlango zitakusaidia siku nyingi zaidi.

Madebe ya petroli yajazwe yakiwa chini ardhini, si juu ya bodi iliyotandikwa plastiki. Umeme tuli unaojikusanya humo unaweza kutoa cheche. Misumeno ivalishwe ala ya baa na ifungwe isibiringike.

Na ule unga haukuisha kwenye kisiki. Pikapu iliyoegeshwa upande upepo unakoelekea huuvuta kwenye filta ya hewa na katikati ya mapezi ya rejeta, ukachanganyika na mafuta na kukaa kama ugoro. Sindano ya joto ikianza kupanda kwenye mlima ambao jana haikupanda, fungua boneti gari likishapoa na upulize rejeta kutoka upande wa injini kwenda nje, ili unga utoke kwa njia uliyoingilia.