Rampu imejengwa, choo je?

Kwa mara nyingine tena familia moja ya hapa Dar es Salaam imeniambia kwamba nyumba yao iko tayari kumpokea mzee wao anayetoka hospitali baada ya kupata kiharusi, na nilipouliza iko tayari kwa namna gani, nikaonyeshwa picha ya rampu, yaani njia ya mteremko ya kupitia badala ya ngazi. Mimi ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo, kazi ya kuwasaidia wagonjwa waweze tena shughuli zao za kila siku, na imani hii kwamba kuiandaa nyumba ni kumwaga zege mbele ya mlango inaniumiza, kwa sababu inakula fedha ambazo zingetosha kwa kazi yenye manufaa makubwa zaidi ndani ya nyumba.

Rampu yenyewe nitaisema kwa kifupi. Kipimo kinachotumika ni 1 kwa 12, maana yake kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja zinafanya kimo cha sentimita 45, na hivyo rampu ya mita 5.4, bila kuhesabu sehemu bapa ya kusimamia mbele ya mlango. Ile ya kwenye picha ilikuwa kama mita moja na nusu. Kiti mwendo hakipandi hapo bila vijana wawili wenye nguvu, na kushuka ni hatari zaidi kuliko kupanda. Isitoshe, baadhi ya waliopooza upande mmoja wanaotembea kwa fimbo huona ngazi fupi zenye reli imara kuwa rahisi kuliko mteremko, kwa kuwa kifundo cha mguu uliopooza hakikunjiki vizuri.

Sasa twende chooni, ambako mtu huingia mara kadhaa kwa siku, sakafu ikiwa imelowa, naye akiwa peke yake kwa sababu ya staha. Kiti mwendo cha mtu mzima huwa na upana wa sentimita 60 hadi 70, na mlango wa choo katika nyumba nyingi ndio mwembamba kuliko yote. Ukipima, usipime fremu. Pima uwazi unaobaki mlango ukiwa umefunguliwa, kwa sababu unene wa ubao na bawaba hula nafasi. Kisha mlango ufunguke kwa nje. Mtu akianguka nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani, mwili wake ndio unaoufunga, na waokoaji hulazimika kuuvunja.

Jambo linalonikera kuliko yote ni vyuma vya kushikia. Mtu aliyepooza upande wa kushoto hushika kwa mkono wa kulia. Fundi akiambiwa hivyo, husimama akilitazama tangi la maji la choo, kisha hufunga chuma kwenye ukuta ulio kuliani kwake. Mgonjwa akishageuka na kuketi, ukuta ule unakuwa kushotoni mwake, upande wa mkono usiofanya kazi, na mkono wake mzima unapapasa hewa. Upande huhesabiwa mtu akiwa ameketi, mgongo ukielekea tangi. Ukuta ukikosekana upande huo, chuma kisimikwe sakafuni. Bomba la chuma la inchi moja linatosha kabisa, kwa kuwa unene wake wa nje, takriban milimita 34, unaenea vizuri kwenye kiganja. Liachane na ukuta kwa sentimita nne hivi, ili vidole vipite lakini mkono usizame hadi kwenye kiwiko. Kama tofali zina matundu ndani, bolti ipenye hadi upande wa pili na ishikwe na bamba la chuma. Chuma cha kutundikia taulo hakikutengenezwa kubeba mtu, na mtu anayeteleza hukishika kwa uzito wake wote.

Kwa wenye choo cha kuchuchumaa, seremala anaweza kutengeneza kiti chenye tundu cha kuweka juu yake, chenye miguu mipana iliyovishwa mpira.

Sheria haizisaidii sana familia hizi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unataja makazi katika Ibara ya 9, nasi tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, lakini mpangaji bado anamwomba mwenye nyumba ruhusa ya kutoboa ukuta.

Kuna jambo ambalo bado linanipa mashaka. Baada ya kiharusi, nguvu nyingi hurudi katika miezi ya mwanzo, na nyumba tunayoibomoa leo inaweza isimfae mtu yuleyule baada ya nusu mwaka. Pengine kurahisisha kila kitu kunamnyima zoezi alilolihitaji. Kwa hiyo huanza na vinavyoweza kuondolewa, nikichelewesha kubomoa kuta, ingawa kila wiki ya kusubiri ina hatari yake ya kuanguka. Kwa aliyekatika uti wa mgongo, ambaye hatarajiwi kurudiwa na nguvu hivyo, sisubiri.

Basi kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji, pimeni uwazi wa mlango wa choo, umbali kutoka katikati ya bakuli la choo hadi ukuta wa kila upande, na kimo kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti la mgonjwa akiwa ameketi, amevaa viatu anavyovaa nyumbani, ili mjue kimo cha kiti cha choo kinachomfaa.