Kidole cha sita si cha kufunga uzi nyumbani

Mtoto akizaliwa na kidole cha ziada, mara nyingi ubavuni mwa kidole kidogo, bibi husema: kifungeni uzi, kitaanguka chenyewe. Ni kweli, kinachoning'inia kwa ngozi nyembamba huweza kunyauka na kudondoka. Lakini ndani ya ngozi hiyo mna mishipa ya damu na ya fahamu. Uzi wa nyumbani unaweza kuleta usaha, kuvuja damu, au kuacha kinundu kinachouma kila kikiguswa, hata ukubwani.

Chenye mfupa na kiungo hakifungwi kamwe! Hupigwa eksirei, kisha daktari hukiondoa kwa upasuaji, mara nyingi mtoto akiwa na mwaka mmoja hivi, na pale inapobidi hurekebisha kano ili kidole kinachobaki kisipinde.

Wala si laana. Mara nyingi hurithiwa. Waulizeni wazee wa pande zote mbili.