"MRI imetoka safi": safi ipi?

Wiki iliyopita aliingia mzee mmoja, fundi mitumbwi wa Kibirizi, Kigoma, bahasha ya kaki kwapani, kijana wake nyuma. Shikamoo yangu aliijibu akiwa bado anavuta kiti. "Marahaba. Daktari, MRI imetoka safi. Sasa wanataka kunitoboa cha nini?" MRI ni picha ya tezi dume kwa sumaku; kutoboa ni biopsi, sindano ya kuchukua kinyama cha kupima. PSA yake, kipimo cha damu kinachoweza kuashiria saratani ya tezi hiyo, ni 14. Mwaka huu huyo ni wa tano kuniambia hivyo, na nimechoka kulieleza mlangoni, kwa hiyo naliandika.

Nikaweka CD kwenye kompyuta. Picha za T2, zinazoonyesha umbo la tezi, hazikuwa na ubaya. Nikafungua za difusheni, zinazofuata mwendo wa maji ndani ya nyama. Nyuma ya tezi, ndani ya puru (mwisho wa utumbo mpana), palikuwa na duara jeusi la ukubwa wa limau: gesi. Sehemu ya tezi iliyogusana nalo ilikuwa imevutika na kujikunja kama mfuko wa plastiki uliosogezwa karibu na jiko la mkaa. Ripoti ilikuwa ya mstari mmoja: hakuna uvimbe unaotiliwa shaka. Ni kweli, haukuonekana. Pale hata tembo asingeonekana.

Saratani nyingi za tezi dume, takribani 7 kati ya 10, huanzia ukanda wa pembeni, na ukanda huo umepakana na puru. Tukiupa alama za PI-RADS, kiwango cha shaka ya saratani, 1 hadi 5, tunatangulia kuangalia difusheni; T2 ina usemi zaidi kwenye ukanda wa ndani. Kwa hiyo difusheni ikiharibika, ukanda wa pembeni unausoma kwa kubahatisha, halafu unaandika "safi".

Difusheni inapima maji yanavyotembea ndani ya nyama. Kwenye saratani seli zimebanana kama abiria wa hiace ya Ujiji saa kumi na mbili jioni, maji hayana pa kupita. Lakini picha hizi huchukuliwa haraka mno, na mahali hewa inapokutana na nyama uga wa sumaku unapinda, picha nayo inapinda.

Sasa mtu ataniambia, "Apelekwe kwenye mashine ya Tesla 3." Jamani! Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku. Sumaku ikiwa na nguvu zaidi, upindaji wa gesi hiyo hiyo unazidi. Tesla 3 ina faida zake, sikatai, ila mashine ya 1.5 iliyopangwa vizuri, na mgonjwa aliyetoka chooni muda huo huo, mimi naipokea kwa mikono miwili. Mtaalamu wa mionzi akiona gesi kwenye picha za mwanzo, asimamishe kazi. Ampe mgonjwa nafasi ya kwenda tena haja, au amlaze kifudifudi, au aitoe gesi kwa mpira mdogo. Dakika 10. Huyu mzee alitumia siku mbili njiani, dakika 10 zikakosekana.

Kuhusu enema, ya kusafisha puru kabla ya picha, wenyewe hatujakubaliana. Wapo wanaompa kila mgonjwa. Wengine wanasema inauchokoza utumbo ucheze na picha zitikisike. Mimi nimewahi kuwa pande zote mbili.

Waliokwisha kuchukuliwa kinyama wasubiri wiki 6 au zaidi, damu iliyobaki inadanganya. Na kwa wanaouliza: hapana, MRI haina mionzi ya eksirei.

Simaanishi kipimo ni bure. Utafiti wa PROMIS wa Uingereza, 2017, wanaume 576: MRI ilinasa saratani zenye hatari kwa asilimia 93, biopsi ya kawaida ya ultrasaundi asilimia 48. Ila 93 si 100, na picha zao hazikuwa kama hii ya limau. Mwaka 2025 utafiti wa PRIME ukaonyesha kwamba hata bila sindano ya gadoliniamu, dawa ya kung'arisha picha, matokeo ni yale yale: saratani zenye hatari zilipatikana kwa asilimia 29 ya wanaume, iwe kwa dawa au bila dawa. Nilifurahi, dawa ile ni gharama. Wanaoushangilia wanaruka jambo moja: vituo vile vilikaguliwa kwanza ubora wa picha. Ukiondoa gadoliniamu umeondoa shahidi wa akiba. Difusheni mbovu haina tena wa kuitetea.

Na alama 3 ya PI-RADS? Alama 3 ni sisi kusema "sijui" kwa heshima. Nimewahi kusoma picha ile ile Jumatatu nikaipa 3, Alhamisi nikaipa 2. Ndiyo maana naomba fomu ya rufaa iandikwe PSA, si "tezi dume, tafadhali piga picha". Tezi ya mzee ina mililita 40. Gawanya PSA yake, 14, kwa ukubwa huo, 40: 0.35. Ikipita 0.15 naanza kukaa vibaya kwenye kiti, picha iseme inavyosema.

Mwenzangu wa upasuaji wa mkojo anataka achukuliwe kinyama moja kwa moja. Mimi nataka difusheni irudiwe kwanza, ili sindano ijue inakokwenda. Huenda yeye ndiye yuko sahihi. Safari ya pili ni pesa ya mtumbwi mzima. Tulimweleza mzee njia zote mbili, akachagua picha.

Kijana wake akauliza wale nini njiani, maana safari iliyopita walibeba maharage ya Kasulu. Ushahidi kuhusu maharage sina. Nikawaambia wabebe wali na migebuka.