Mgonjwa Akiambiwa Ajikaze, Hofu Yake Huipeleka Wapi?

Saa ya kuona wagonjwa inapofika, ndugu huingia wodini na chupa ya uji, chakula kilichofungwa kwenye kitambaa, na maneno tuliyoyazoea: pole, jikaze, Mungu ni mwema, utapona tu. Husemwa kwa mapenzi, wala sina nia ya kuyakejeli. Hata hivyo, katika kazi ya ustawi wa jamii hospitalini nimeona mara nyingi jinsi yanavyomfunga mgonjwa mdomo, kwa kuwa aliyekwisha kuambiwa ajikaze hupata taabu kukiri kwamba anaogopa.

Cicely Saunders, Mwingereza aliyekuwa muuguzi, kisha afisa ustawi wa jamii, na hatimaye daktari, alifungua hospisi ya St Christopher's, yaani nyumba ya kuwatunza wagonjwa wanaokaribia mwisho wa maisha, jijini London mwaka 1967. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa mahututi hayakai mwilini peke yake, bali yamo pia katika hisia, katika uhusiano wake na watu, na katika roho. Fikra hiyo ndiyo msingi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mtu mwenye ugonjwa mzito, ambayo katika ukanda wetu ilipata makao Nairobi mwaka 1990 na Kampala mwaka 1993, na ambayo leo hutolewa pia katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Namkumbuka mzee mmoja mwenye saratani ya tezi dume, aliyekuwa akiugulia usiku kucha ingawa dozi yake ya morfini ya maji ilikuwa imekwisha kuongezwa. Muuguzi wa zamu alivuta kiti, akaketi, akamuuliza, "Mzee wangu, kitu gani kinakunyima usingizi?" Mzee alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akataja shamba la urithi alilokuwa ameliuza bila kumshirikisha mdogo wake. Mdogo mtu alipigiwa simu, akaja kwa basi, na pazia likavutwa kuzunguka kitanda. Walichozungumza hakikunihusu. Saratani ilibaki palepale na morfini iliendelea kutolewa, kwani mazungumzo si mbadala wa dawa ya maumivu, ila kuanzia usiku ule mzee alikuwa akipata usingizi.

Swali la muuguzi yule halikuhitaji shahada ya theolojia. Lilihitaji kiti na subira ya kukistahimili kimya, jambo ambalo sisi watumishi, tukiwa na wagonjwa wengi wa kuwazungukia, hulikosa kuliko tunavyopenda kukiri.

Kiongozi wa dini naye ana nafasi yake, mradi mgonjwa mwenyewe amemhitaji. Familia nyingi za Kikatoliki huchelewa kumwita padre kwa kudhani kwamba Mpako wa Wagonjwa ni tangazo la kifo, ilhali Kanisa huutoa kwa yeyote anayeugua sana, hata akitarajiwa kupona. Mgonjwa Mwislamu huweza kutamani kusomewa Yasini au kuelekezwa kibla; muuguzi akielezwa mapema, mara nyingi kitanda kinaweza kugeuzwa bila kuathiri dripu wala oksijeni. Anayesononeka kwa kushindwa kufunga Ramadhani afarijiwe na sheikh wake kwamba Kurani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula. Lisilokubalika ni mahubiri ya sauti ya juu wodini, ambako kitanda cha pili kina mtu wa imani nyingine, na zaidi ya hilo, kumshawishi mgonjwa aache dawa kwa sababu ameombewa.

Kwa upande wa familia, ombi linalotutatiza kuliko yote ni hili: "Daktari, tafadhali mama asiambiwe." Watoto hufikiri wanamkinga mama yao, kumbe yeye amekwisha kusoma nyuso zao, naye anajifanya hajui ili asiwavunje moyo, hata kila upande ukabaki na uchungu wake peke yake. Tunachoshauri si kumtupia mgonjwa habari nzito asiyoiomba, bali kumuuliza yeye kwanza angependa kujua kiasi gani, na nani awepo wakati anaelezwa.

Asisahaulike pia anayeuguza, ambaye mara nyingi ni binti au mkwe mmoja anayelala juu ya kanga karibu na kitanda, huku ndugu wengine wakituma salamu na nauli. Naye ni wetu. Tukimkuta analia nje ya wodi, tunaanza kwa kumuuliza amekula nini tangu asubuhi, kisha tunawaita ndugu wapangiane zamu.

Mwenye kuhitaji msaada wa namna hii kwa ajili yake au mgonjwa wake amwone muuguzi msimamizi wa wodi, aombe kukutanishwa na afisa ustawi wa jamii au kiongozi wa dini yake. Mgonjwa asiyetaka kutembelewa na yeyote aseme hivyo, nasi tutaliandika jambo hilo kwenye faili lake.