Alama ya hatari si hukumu kwa mzazi

Limejirudia tena. Kwenye kikao cha shauri la ulinzi wa mtoto, mtu akiona familia imeandikwa "hatari kubwa" anauliza kwa nini mtoto bado analala kwa mama yake. Nimechoka kulijibu kwa mdomo, kwa hiyo leo naliandika.

Fomu ya uchunguzi wa awali, ile inayojumlisha alama na kuiita familia "hatari kubwa" au "hatari ndogo", haisemi mzazi kafanya nini. Inachosema ni kwamba familia zenye mazingira kama haya, ukizikusanya, huripotiwa tena kuliko nyingine. Basi.

Tupige hesabu. Chukua familia 1,000, na tuseme katika 20 mtoto ataumizwa vibaya. Tuipe fomu ubora ambao nadra kuuona kazini: inazinasa 9 katika kila 10 zenye hatari ya kweli, na inaziacha 9 katika kila 10 zisizo nayo. Itanasa 18. Lakini katika zile 980 zilizobaki itazinyooshea kidole 98. Sasa una familia 116 zenye "hatari kubwa", na 98 kati yake hazitamdhuru mtoto. Ukiwaondoa watoto wote kwa kuitegemea alama, kwa kila familia iliyostahili umevunja zaidi ya tano zisizostahili. Na familia 2 zimekupita, zikiwa na alama nzuri.

Tena fomu inakisia ya mbele tu; usalama wa mtoto leo hupimwa kwa tathmini nyingine. Mtoto wa miezi mitatu mwenye mchubuko sikioni hasubiri jumla ya alama. Hajui hata kutambaa, kajigonga wapi? Huyo anapelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo, hata kama fomu imetoka "hatari ndogo".

Kinachonikera zaidi ni kipengele cha taarifa zilizopita. Fomu nyingi huhesabu kila uchunguzi uliowahi kufanyika, hata ule uliokuta hakuna kitu. Jirani mwenye ugomvi akiripoti mara tatu, mama anabeba alama za mara tatu. Familia maskini, ambayo kila wiki iko mbele ya muuguzi, afisa wa misaada na mwalimu, huonekana na wengi wenye wajibu wa kuripoti. Mwenye uwezo hujifungia ndani kwake, na rekodi yake inabaki safi.

Kompyuta haijaliondoa tatizo hili. Mfumo wa kompyuta wa kaunti ya Allegheny, Pennsylvania, Marekani, ulioanza mwaka 2016, ulitoa alama 1 hadi 20 kwa kukadiria uwezekano wa mtoto kuondolewa nyumbani ndani ya miaka miwili. Soma tena: kuondolewa. Na uamuzi wa kumwondoa ni wetu sisi maafisa na mahakama. Kwa hiyo kilichotabiriwa ni mwenendo wetu sisi. Jimbo la Oregon, huko huko Marekani, liliacha kutumia chombo chake cha aina hiyo mwaka 2022.

Je, tuzitupe fomu? Hapana, ingawa nina mashaka nazo. Bila fomu, afisa aliyechoka huamua kwa hisia, na hisia nazo zina upendeleo wake. Ila najua pia maafisa huamua kwanza, kisha hujaza majibu yatakayoleta alama wanayoitaka, na hakuna mafunzo niliyoyaona yakikomesha hilo.

Kwa hiyo ukiletewa "hatari kubwa" kikaoni, uliza vipengele gani vimeipandisha, taarifa ngapi zilithibitishwa, na nani amemwona mtoto kwa macho yake wiki hii.