Flaibalesi: kisanduku hicho si jairo

Helikopta ya rimoti ya flaibalesi ni ile ambayo rota yake kuu hutulizwa na kompyuta ndogo yenye vihisio, badala ya fimbo yenye makafi mawili inayozunguka juu pamoja na mapanga. Maana ni hiyo tu. Kinacholeta matatizo ni jina la kisanduku chenye kompyuta hiyo. Wengi wanakiita jairo, na kwa kuwa wanakiita jairo, wanakifunga na kukipanga kama jairo.

Jairo ni kifupi cha jairoskopu, neno lililobuniwa mwaka 1852 na Mfaransa Léon Foucault kutokana na maneno mawili ya Kigiriki: gyros, yaani mzunguko, na skopein, yaani kutazama. (Liandikwe kwa j, Gairo ni mji ulio njiani kutoka Dodoma kwenda Morogoro.) Foucault alizungusha gurudumu kwa kasi kubwa ndani ya fremu inayogeuka huru. Gurudumu lilishikilia mwelekeo wake huku dunia ikigeuka chini yake, na hivyo mzunguko wa dunia ukaweza kutazamwa. Kwa hiyo jairo asili yake ni kitu kizito kinachozunguka na kukataa kuinama.

Sasa itazame helikopta ya zamani. Kitu kizito kinachozunguka na kukataa kuinama ni ile fimbo, flaiba yenyewe. Mbunifu Mmarekani Arthur Young aliiweka kwenye Bell 47, helikopta iliyopata cheti cha matumizi ya kiraia Marekani mwaka 1946. Mmarekani mwenzake Stanley Hiller naye akatumia makafi, ili rubani aelekeze makafi na makafi yaelekeze mapanga. Helikopta za rimoti zilichanganya njia zote mbili. Ukiing'oa fimbo hiyo, umeng'oa jairo. Kisanduku unachobandika badala yake hakina gurudumu lolote. Ndani yake mna vipande vidogo vya silikoni vinavyotetema na kupima kasi ya kugeuka katika mihimili 3, halafu kompyuta inayosoma vipimo hivyo na kuziamuru sevo, yaani mota ndogo zinazosukuma na kuvuta. Kinapima, kinaamua, kinatenda. Kupima peke yake ni theluthi ya kazi yake.

Jairo la mkia la miaka ya nyuma, lililotuliza mkia tu, lilikuwa na mhimili 1 na sevo 1, na rimoti ikabaki bwana wa sahani ya rota, ile inayoinama ili kubadili pembe ya mapanga. Kwenye flaibalesi, bwana wa sahani ni kisanduku. Rimoti inaomba tu. Ukisukuma kijiti cha rimoti mbele, huiambii sahani iiname nyuzi fulani. Unaomba helikopta igeuke mbele kwa kasi fulani. Ndiyo maana ikiwa chini, mota imezimwa, ukishika kijiti kidogo sahani huendelea kuinama hadi mwisho. Helikopta haigeuki, kwa hiyo kisanduku kinaongeza amri. Huo si ubovu. Anayedhani ni ubovu hukimbilia trimu ya rimoti (vitufe vya kusahihisha mwendo kidogo kidogo), na trimu kwenye flaibalesi maana yake ni "geuka polepole bila kukoma". Helikopta itainuka ikiwa inalala upande. Trimu zote za rimoti zibaki 0. Sahani isawazishwe ndani ya programu ya kisanduku.

Kosa la pili linalozaliwa na jina hilo ni kuacha mchanganyo wa sevo 3 za nyuzi 120 (sevo tatu zinazoizunguka sahani na kuiinamisha kwa pamoja) ukiwa umewashwa kwenye rimoti. Kisanduku nacho kinachanganya, amri zinachanganywa mara mbili, na sahani inapanda ikiwa imepinda. Chagua aina ya sahani ya sevo 1 kwenye rimoti, kazi ya kuchanganya iachie kisanduku.

Kwenye vyuma, kung'oa fimbo peke yake hakutoshi. Ng'oa pia vile vijiti vya kuchanganya mwendo na kile kikombe kinachopanda na kushuka juu ya sahani, kisha funga mkono unaoizungusha pete ya ndani ya sahani pamoja na shafti. Mkono huo ukilegea, pete inabaki nyuma kwa nyuzi kadhaa, na ukiomba mbele helikopta inaenda mbele na pembeni kidogo. Linki, yaani vijiti vya kuunganisha, sasa zinatoka kwenye sahani moja kwa moja hadi kwenye vishikio vya mapanga. Sevo nazo zinabeba mzigo wote. Zamani zilisaidiwa na makafi, upepo ukafanya sehemu ya kazi. Kwa helikopta ya daraja la 450, yaani ndogo, tafuta sevo 3 za dijitali zenye gia za chuma, nguvu ya karibu kilo 3 kwa sentimita na kasi ya sekunde 0.10 kwa nyuzi 60 au chini ya hapo. Umeme wa sevo uwe ampia 5 au zaidi. Kisanduku kikikosa volti kwa kitambo kidogo huanza upya, na kwa sekunde hizo hakuna fimbo ya kuishikilia rota. Sevo ya mkia iangaliwe kabla ya kuchomekwa: ile inayotumia mapigo ya umeme ya maikrosekunde 760 ukiipa mpangilio wa 1520 itakwenda kugota mwisho na kuungua.

Jaribio moja halirukwi. Chomoa nyaya 2 kati ya 3 za mota, washa, kisha inamisha pua ya helikopta kwa mkono. Sahani lazima iinamie nyuma, kama inayotaka kubaki sawa na ardhi. Ilaze kushoto, sahani iende kulia. Ikifuata mkono wako, kihisio kimegeuzwa, na helikopta itajipindua kabla haijaiacha ardhi.

Hapa Dodoma kuna mambo ya ziada. Mji uko mita 1,100 na kitu juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu 1 ya 10 kuliko ya pwani, hivyo mzunguko wa rota uongezwe kama asilimia 5 kupata mbebo uleule. Kisanduku hupima sifuri yake kinapowashwa. Ukiwasha ndani ya gari lenye kiyoyozi kisha ukatoka juani Ihumwa, sifuri hiyo itahama. Kiache dakika 10 nje, kivulini, ndipo uwashe. Usiwashe pia huku upepo wa kiangazi unaitikisa helikopta, maana kitakataa kuanza au kitaanza na sifuri ya uongo. Goroli za linki zisipakwe grisi, kwani vumbi letu likichanganyika na grisi ni msasa.

Na kuna dhana inayovunja helikopta nyingi zaidi: kwamba "ina jairo, kwa hiyo itajisimamia". Flaibalesi ya kawaida haijui ardhi iko wapi. Ukiachia kijiti ikiwa imeinama nyuzi 20, itabaki imeinama nyuzi 20, kwa uaminifu mkubwa, ikiteleza hadi kwenye mibuyu. Kujisawazisha kunahitaji kihisio kingine, cha mvutano wa dunia, na si visanduku vyote vinacho.

Basi kihisio kilichomo ndani kiitwe jairo, hakuna ubaya, mazoea yameshalipitisha. Kisanduku kizima kiitwe kidhibiti. Na dukani useme "kidhibiti cha mihimili 3 cha flaibalesi", kwa sababu ukiomba jairo tu muuzaji ana haki ya kukupa la mkia.