Mashine ya kubaindi kwa joto: dhana potofu zinazozigharimu ofisi za Arusha

Arusha ni mji wa makaratasi. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa, na pembeni yake kuna kampuni za utalii, wakaguzi wa hesabu, mawakili na mashirika yanayotoa ripoti mwaka mzima. Ofisi nyingi zimechoka kupanga foleni steshenari na sasa zinataka mashine yao ya kubaindi, yaani ya kushikanisha karatasi za ripoti ziwe kitabu chenye kava. Ni uamuzi mzuri, ila mashine hii hununuliwa sana kwa maneno ya kusikia. Kurasa zikianza kuchomoka mbele ya mteja, lawama zote humwangukia katibu muhtasi, na hilo si haki.

Dhana potofu: mashine ya bei kubwa ndiyo inayoshika vizuri.

Ukweli: kwa hizi mashine za mezani, gundi haimo ndani ya mashine. Imo kwenye kava, ukanda mwembamba uliokaukia ndani ya mgongo wake. Mashine inapasha tu bamba la chini mpaka gundi iyeyuke, ncha za karatasi zizame humo, kisha ikipoa izishike. Ukiongeza pesa unapata nafasi ya kubaindi nakala kadhaa kwa mkupuo, kengele ya muda na sehemu ya kupoozea. Nguvu ya kushika inatoka kwenye kava, na kwenye mkono uliopanga karatasi.

Dhana potofu: nunua kava pana, litatosha kazi zote.

Hii ndiyo inayoharibu kazi nyingi kuliko zote. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 ina unene wa takriban milimita 0.1. Karatasi 60 zinakaribia milimita 6, kwa hiyo zinataka kava la mgongo wa upana huo. Ukiingiza ratiba ya safari ya karatasi 15 kwenye kava hilo hilo, zitacheza ndani, zitaegemea upande mmoja, na nyingine zitakauka zikiwa zimeguswa na gundi kidogo tu. Kava likiwa jembamba nalo, karatasi za pembeni zinabanwa na kupinda. Hesabu karatasi, usihesabu kurasa: ripoti ya kurasa 80 iliyochapwa pande mbili ni karatasi 40.

Ndiyo maana nashauri ofisi ianze na makava kabla ya mashine. Mashine unanunua mara moja, makava utayanunua miaka yote. Uliza dukani kama milimita 3, 6 na 10 zipo rafuni leo. Ukiambiwa zitaletwa kutoka Dar wiki ijayo, jua kwamba na siku ya ripoti ya bodi utaambiwa hivyo hivyo.

Dhana potofu: sekunde 40 na kazi imekwisha.

Mashine inahitaji kwanza dakika chache za kupata moto. Baada ya kuyeyusha, kitabu kisimamishwe kwa mgongo mpaka kipoe kabisa, na hapo ndipo haraka inapoleta hasara. Ukikifungua kingali na joto, gundi inavutika na kurasa za katikati zinalegea. Kabla ya hayo, ng'oa pini zote, kisha gongagonga bunda mezani upande wa mgongo mpaka karatasi zote ziwe sawa. Ile inayochomoka mara nyingi ni ile iliyobaki juu milimita moja, haikuifikia gundi.

Dhana potofu: ikishabaindiwa, hakuna anayeweza kuchomoa ukurasa.

Anaweza. Gundi iliyoyeyuka mara moja inayeyuka tena, na huo ni msaada mkubwa ukikuta ukurasa wa 12 umewekwa kichwa chini. Kwa hati ya siri au ya kisheria, tegemea sahihi na muhuri kwenye kila ukurasa.

Dhana potofu: inakula umeme.

Nyingi za mezani zinatumia wati mia kadhaa tu, chini sana ya birika la chai la ofisini. Tatizo halisi ni umeme wenyewe. Ukikatika huna mashine, wakati ile ya spairo, inayotoboa karatasi kwa mkono na kuzifunga kwa waya au plastiki iliyojiviringa, inaendelea na kazi. Na ukikuta ya mtumba iliyotoka Marekani, soma kibandiko cha nyuma: kama kimeandikwa volti 120 tu, umeme wetu wa volti 230 utaiunguza.

Spairo usiitupe hata hivyo. Kitabu cha gundi hakilali wazi mezani, kwa hiyo mwongozo wa mafunzo au wa jikoni ya hoteli bado ni kazi ya spairo. Karatasi za kung'aa za picha za mbuga nazo gundi haizishiki vizuri, kwa sababu haipenyi.

Siku ya kununua, beba karatasi zako, za aina mnayotumia kila siku. Mwombe muuzaji abaindi nakala moja, isubiri ipoe, ifungue katikati, shika karatasi moja uivute kwa nguvu ya kawaida. Muuzaji akikataa jaribio hilo, nenda duka la pili.